Mtu wa Chuma kwenye uzi wa la

Ukurasa wa muziki: wasomaji wa Lubumbashi wanauliza

Ozzy Osbourne, mwimbaji wa bendi ya roki nzito Black Sabbath, alifariki tarehe 22 Julai 2025, siku 17 tu baada ya bendi hiyo kuaga jukwaani kwao Birmingham, Uingereza. Tangu hapo barua za wapiga besi (gitaa la sauti nzito) zinarudi kwenye wimbo wao uleule: «Iron Man», yaani Mtu wa Chuma, wa mwaka 1970. Nyingine zinauliza vidole viwekwe wapi, nyingine zinauliza huyo Mtu wa Chuma ni nani hasa. Kwa wimbo huu maswali hayo mawili hayaachani mbali, kwa hiyo tumeyaweka pamoja.

*

*Bayaya, jambo yenu. Niko na besi ya nyuzi ine, najifunza peke yangu. Kwa intaneti kila mutu anaonyesha «Iron Man» kwa nafasi yake: moja uzi wa mi, mwingine uzi wa la, mwingine wa re. Njia ya kweli ni gani? Na ile pahali ya mbio-mbio vidole vyangu vinafungana.* (Kijana wa Katuba)

Ndugu yetu, wote watatu wanapiga noti zilezile. Besi ina njia nyingi za kufika mahali pamoja, na tofauti iko kwenye sauti na kwenye safari ya mkono.

Rifu, yaani kile kipande kinachorudi-rudi, ina noti 15: si, re, re, mi, mi, halafu sol, fa diezi (nusu toni juu ya fa), sol, fa diezi, sol, fa diezi, halafu re, re, mi, mi. Kwenye uzi wa la, wa pili kutoka ule mnene wa mi, hizo ni freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya 2 (si), ya 5 (re), ya 7 (mi), ya 10 (sol) na ya 9 (fa diezi). Kwenye uzi wa mi ni 7, 10, 12, 15 na 14. Sauti ya huko ni nene na nzito, lakini ukivuka freti ya 12 uzi mnene unaanza kutoa uji, na kwenye besi za bei nafuu noti za juu huwa haziko sawa hata ukitune vizuri. Wanaotumia uzi wa re wanapiga si kwenye uzi wa la, kisha re uzi wazi (usiokandamizwa), mi freti ya 2, sol ya 5, fa diezi ya 4. Mkono haukimbii, ndiyo, ila uzi wazi hauwezi kuteleza, na unaendelea kulia wakati umeshahama.

Chukua uzi wa la. Sababu ni hiyo ya kuteleza: gitaa linavuta re mpaka mi bila kuinua kidole, na besi ikifanya hivyo pamoja nalo, wimbo unapata ule mwendo wa mguu mzito unaoburutwa. Re mbili zipigwe na kidole cha shahada kwenye freti ya 5. Ya pili ipige, kisha sukuma kidole hichohicho hadi ya 7. Mi ya mwisho pia iko hapo. Usikate njiani, kidole kikilegea kwenye freti ya 6, noti inakufa na mteremko unakuwa kikohozi.

Sasa hesabu. Mstari wa kwanza una mapigo manne: si kwenye 1, re kwenye 2, halafu «tatu-na-nne» ni re, mi, mi. Mstari wa pili ndio unaokufunga vidole, na tatizo mara nyingi liko kichwani zaidi kuliko mkononi. Wengi wanazigawa zile noti sita tatu-tatu, pigo la kwanza tatu na pigo la pili tatu. Sivyo zilivyo. Nne zinaingia ndani ya pigo la kwanza, mbili zinabaki kwenye nusu ya kwanza ya pigo la pili, na nusu iliyobaki ni ya re. Baada ya hapo «tatu-na-nne» inarudi kama mwanzo. Ukizigawa tatu-tatu utajikuta umechelewa kwenye re, utaharakisha ili umkute mpiga batri (ngoma), na wimbo wote utaonekana kama mtu aliyejikwaa.

Kabla hujashika besi, pigapiga meza: mkono wa kushoto unapiga mapigo manne, wa kulia unapiga rifu. Ukiweza kufanya hivyo dakika mbili bila kupotea, chukua besi. Weka metronomu (kihesabu mapigo) ya simu kwenye mapigo 50 kwa dakika. Shahada kwenye freti ya 9, kidole cha kati kwenye ya 10, na uchokoe kila noti kwa mkono wa kulia ukibadilisha vidole viwili, kimoja baada ya kingine. Shahada ibaki imeganda kwenye ya 9 muda wote. Kidole cha kati peke yake ndicho kinachopanda na kushuka. Ongeza pigo 4 kila unapomaliza mara kumi bila kosa. Beti zinatembea polepole, kati ya 70 na 80 kwa dakika. Ukiwa kwenye 75 unapiga noti tano kwa sekunde. Si mbio za ajabu, mradi mkono usikaze.

Kosa lingine liko kwenye kurudi kutoka freti ya 9 hadi ya 5. Mkono unaruka gizani na kuangukia ya 4 au ya 6. Jifunze hizo noti mbili tu, fa diezi na re, mara ishirini, huku ukitazama freti ya 5 *kabla* ya kuondoka. Jicho litangulie, mkono ufuate.

Na dole gumba la mkono wa kulia lilale juu ya uzi wa mi. Ukipiga mi ya freti ya 7 kwenye uzi wa la, uzi wa mi ulio wazi unaamka wenyewe kwa sababu noti hizo mbili ni ndugu, moja juu ya nyingine kwa oktava. Usipouzima utaunguruma chini ya kila kitu, na utafikiri bafle yako (sanduku la spika) imepasuka.

Jambo la mwisho: usijifunze kwa spika ya simu. Ile si ya mwanzo inatetemeka kama mara 62 kwa sekunde, na kijispika kile hakina uwezo wa kutoa mtetemo wa polepole hivyo. Unachosikia ni kivuli chake. Weka sikioni hata visikilizio vya bei ya chini, pakua wimbo mara moja ukiwa na mega za intaneti, kisha uupunguze mwendo hadi robo tatu.

*

*Mimi napiga besi kwenye kwaya, na siku za arusi tunapiga rumba. Tulipojaribu «Iron Man» na marafiki waliniambia: wewe unacheza, wimbo huu haucheki. Noti zote nilikuwa nazo. Nimekosea wapi?* (Mpiga besi wa Kenya, komini ya hapa Lubumbashi)

Umekosea kwenye urefu wa noti, kaka, na kosa hilo ni la mtu anayejua kazi yake.

Besi ya rumba yetu inapumua. Noti inapigwa, inakatwa kwa kiganja, inaacha tundu ili batri na mi-solo (gitaa la kati) wapite. Mara nyingi unakwepa hata pigo la kwanza, na utamu wote uko kwenye kukwepa huko. Hapa fanya kinyume. Si ya kwanza ikae hadi re ije kuiondoa. Pasiwe na tundu. Kidole kisiinuke kwenye freti kabla ya noti inayofuata, na kiganja cha kulia kisiguse nyuzi karibu na daraja, pale zinapofungwa kwenye kiwiliwili. Jipime hivi: rekodi kwa simu ukiwa peke yako, halafu usikilize tu ukimya. Ukiusikia kati ya si na re, bado uko kwenye arusi.

Pili, katika rumba besi ina mazungumzo yake na gitaa la solo lina yake. Geezer Butler, mpiga besi wa Black Sabbath, alianza kama mpiga gitaa la kusindikiza, na bendi ilikuwa na gitaa moja tu. Alipohamia besi aliamua kushikamana na rifu ya mpiga gitaa Tony Iommi, noti kwa noti, ili gitaa moja lisikike kama ukuta. Hata pale Iommi anapovuta uzi kuupindisha, Butler naye anauvuta wake. Kwenye beti za wimbo huu sauti ya mwimbaji pia inafuata noti hizohizo. Watu watatu, njia moja. Ukiongeza vinoti vyako katikati, umetoka kwenye ukuta na watu watakuona. Butler mwenyewe anaongeza, lakini sikiliza ni lini: mwishoni mwa sentensi, kwenye mi ndefu, kabla mguu unaofuata haujakanyaga.

Ukiwa na besi ya nyuzi tano, kama wapiga besi wengi wa kwaya, usishawishike kupiga si ya chini kwenye uzi wa tano. Iko oktava nzima chini ya rekodi, inaachana na gitaa, na ukumbini inakuwa tope.

Utapata faraja yako kwenye kipande cha solo ya gitaa. Hapo batri inakimbia, wimbo unaongeza mwendo ghafla kama wetu unavyoingia sebene, kile kipande cha kucheza, na besi inaruhusiwa kutembea. Usianze kucheka mapema tu.

*

*Mtoto wangu wa miaka 16 anafunga mlango na kupiga wimbo huu siku nzima. Jirani ananiambia ni wimbo wa shetani, hata jina la kundi linaonyesha. Nimuachie?* (Mama wa Kampemba)

Mama, tunakupa yaliyomo ndani ya wimbo, uamuzi ni wako.

Maneno yaliandikwa na Geezer Butler, yuleyule mpiga besi. Rifu ilitangulia: Osbourne alipoisikia alisema inafanana na jitu la chuma linalotembea, na Butler akatafuta hadithi ya kumvalisha jitu hilo. Mtu mmoja anasafiri hadi wakati ujao na kuona maangamizi ya binadamu. Anarudi kuwaonya watu. Njiani anapita katika uwanja mkubwa wa sumaku na mwili wake unageuka chuma. (Sisi wa nchi ya shaba tungesalimika, sumaku haivuti shaba.) Anasimama katikati ya watu aliotaka kuwaokoa, na kwa maelezo ya Butler hawezi tena kusema. Ubeti wa kwanza ni maswali matupu ya wapita njia: ana akili huyu? anaona? akisogea hataanguka? Hakuna anayemsogelea. Uchungu wake unageuka hasira, analipiza kisasi, na maangamizi anayoyaleta ndiyo yaleyale aliyoyaona.

Shetani hayumo. Shujaa wa vitabu vya picha na filamu mwenye jina hilo naye hayumo, ingawa filamu ya mwaka 2008 iliutumia wimbo huu. Jina la kundi walilichukua kutoka kwa filamu ya kutisha. Butler alikulia katika familia ya Kikatoliki, na mwaka 1971 aliandika «After Forever», wimbo unaowasuta wanaomdhihaki Mungu. Hatukufichi pia kwamba vijana hao walikunywa sana na kutumia dawa za kulevya, na wenyewe wamesimulia. Mfano wa maisha hatuwapendekezi. Lakini hadithi hii, ukiisoma polepole, ni ya mtu anayepuuzwa na jamii yake mpaka anaharibika. Wako wahubiri ambao wangeitolea mahubiri.

Keti na kijana wako akueleze yeye mwenyewe wimbo unasema nini. Akishindwa, anapiga noti tu, na hilo nalo ni jambo la kumrekebisha.

*

*Nasoma Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kwangu mimi Mtu wa Chuma ni mfanyakazi wa kiwanda: anaingia mtu, anatoka kitu. Nikipita karibu na bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na ule mlima wa takataka za shaba, nasikia rifu ile. Rafiki zangu wanasema ninalazimisha. Je, tafsiri hii inasimama?* (Mwanafunzi)

Inasimama kwa mguu mmoja, na mguu huo ni imara.

Birmingham ni mji wa viwanda vya vyuma, na wote wanne walikulia mitaa ya wafanyakazi. Iommi alipokuwa na miaka 17 mashine ya kiwanda cha mabati ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole hivyo ndivyo vya kukandamiza nyuzi. Alijitengenezea vifuniko kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, akavivalisha ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba. Baadaye, kuanzia albamu ya 1971, walilegeza nyuzi hata chini zaidi. Kwa hiyo mwili uliokutana na chuma na kubadilika haukuwa fumbo la mbali kwa bendi hii. Na albamu yenyewe, *Paranoid*, iliyotoka Uingereza Septemba 1970 wakati wa vita vya Vietnam, inafunguliwa na «War Pigs», wimbo unaowashtaki wakubwa wanaopanga vita na kuwatuma maskini wakafe. Hasira ya wadogo dhidi ya wakubwa imo ndani ya sahani nzima.

Mguu unaoyumba ni huu: katika maneno ya wimbo hakuna kiwanda, bosi wala mshahara. Chuma kinamjia mtu huyu kwa sababu alikwenda kuwatafutia wengine wokovu. Mfanyakazi wako anageuzwa chuma na anayemtumia. Huyu amegeuzwa na safari aliyoifanya kwa ajili ya watu, na wanaomkataa ni haohao. Ukimfanya mwathirika tu, unabaki na tatizo la beti za mwisho, anapoua. Wimbo haumtetei hapo, wala haumhukumu. Sisi tungekushauri uanze na swali ambalo tafsiri yako inaliruka: kosa liliingia lini? Alipogeuka chuma, au walipompita kana kwamba ni nguzo ya umeme?

Na usisome maneno peke yake. Mwimbaji kwenye beti hana wimbo wake mwenyewe. Amefungwa ndani ya noti za gitaa na besi, kama mtu aliyemo ndani ya ganda. Mtunzi mwingine angempa bubu huyu sauti tamu ili tumhurumie. Hawa walimnyima. Zile noti sita za haraka, sol na fa diezi, zinatofautiana kwa nusu toni tu. Ni kiungo kinachojaribu kusogea na kurudi palepale. Ndiyo maana tulimkazania kijana wa Katuba asizigawe tatu-tatu: zikiwa tatu-tatu zinabembea, na chuma hakibembei.

*

*Tangu mwezi wa sita besi yangu inakwaruza kwenye freti za mwanzo. Mvua ziliponyesha ilikuwa nzima. Na nikiichomeka kwenye ampli inavuma.* (Msomaji wa Ruashi)

Kiangazi chetu kimekausha shingo ya besi. Ubao wa freti unapopoteza maji unanywea, shingo inanyooka au hata kupinda kwa nyuma, na nyuzi zinashuka juu ya freti za kwanza. Kandamiza uzi wa mi kwenye freti ya 1 na kwenye ile ambapo shingo inaungana na kiwiliwili, kwa wakati mmoja. Tazama freti ya 7: kati yake na uzi panapaswa kupita karatasi tatu hivi za daftari. Kama hapapiti hata moja, legeza chuma cha ndani ya shingo kwa ufunguo wake, kuelekea kushoto, robo mzunguko. Subiri kesho yake ndipo upime tena. Kikigoma kuzunguka, acha, mpelekee fundi. Kukikata ni kuua shingo. Mvua zikirudi utahitaji kukikaza tena. Kama mkwaruzo uko juu ya freti ya 12 peke yake, shingo haina kosa: inua vitegemeo vya nyuzi kwenye daraja.

Kuvuma: gusa nyuzi. Mvumo ukipungua, waya wa ardhini wa besi ni mzima, na mvumo unatoka nje yake, pengine kwenye umeme wa nyumba usio na waya wa ardhini. Usipobadilika, badilisha kebo kwanza. Lakini ukihisi mchonyoto mdomoni unapokaribia maikrofoni, zima kila kitu. Ampli na mitambo ya sauti vichomekwe kwenye soketi ileile yenye waya wa ardhini, hasa mnapotumia jenereta, na asiwepo wa kukata ule mguu wa tatu wa plagi ili iingie ukutani.

*

*Nyuzi za besi ni ghali. Nina nyuzi za gitaa la kawaida, zile za rangi ya shaba. Na fundi mmoja ananiambia waya wa breki wa baiskeli unatosha. Nifuate lipi?* (Kamalondo)

Lolote kati ya hayo litakusumbua. Mikro za besi, yaani vile vifaa vya kunasa sauti chini ya nyuzi, ni sumaku, zinasikia chuma na nikeli. Uzi uliozungushiwa shaba unasikika kwa mbali, tena nyuzi za gitaa ni fupi na nyembamba kuliko zinazohitajika. Waya wa breki ni chuma, kweli utalia, ila hautune sawasawa na unachimba freti, na kubadilisha freti ni ghali kuliko nyuzi. Kama nyuzi zako za sasa zimezeeka tu, zivue, zichemshe kwenye maji dakika kumi, zifute, zianike hadi zikauke kabisa, kisha zirudishe. Utapata wiki kadhaa. Kwa wimbo huu zikiwa na uchovu kidogo ni afadhali, kwa sababu nyuzi mpya zinang'aa mno. Zipunguzie treble (sauti kali za juu) kwenye ampli, pandisha sauti za kati kidogo, na kama unatumia bafle ya kinanda usiifungue kupita nusu: utando wake haukutengenezwa kwa besi na utachanika.